Wiki Mbili za Fortaleza

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe tisa Septemba, mwaka wa 2006, katika ukumbi wa chini wa kanisa letu kule Lanham, Maryland, baada ya chai na kabla ya maombi ya kufunga. Mwenyekiti wetu, Bwana Ndirangu, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba zile wiki mbili za mwezi wa kumi na moja, ambazo mimi na mke wangu tulikuwa tumeomba kwenda Fortaleza, kamati imeona vyema impe Baba Askofu anayekuja kutoka nyumbani Kenya.

"Baba Askofu amechoka," akasema. "Amehudumu miaka mingi bila likizo. Na sisi kama chama tuna kijumba chetu pale Brazili, kando ya bahari. Tutashindwaje kumpumzisha mtumishi wa Mungu?"

Ukumbi ukapiga makofi. Nikageuka nimtazame Chepngetich, mke wangu. Naye alikuwa anapiga makofi.

"Piga makofi, Baba Jeptoo," akaninong'oneza. "Watu wanatuangalia."

Nikapiga. Mgeni akitoka nyumbani, hasa mgeni wa kola nyeupe, kwetu hakuna wa kusema hapana. Humwachia kiti, humwachia kitanda, humwachia na firigisi. Viongozi wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana mambo kama hayo huyatangaza hadharani, watu wakiwa bado na vikombe mkononi. Nani ataweka kikombe chini aseme mimi nakataa Askofu apumzike?

Mimi sikusoma sana. Niliachia darasa la sita huko Bomet, na hapa Marekani, ninakokaa Temple Hills, kazi yangu ni kufagia na kupiga deki ofisi za watu wa serikali wakishaenda nyumbani. Mke wangu ndiye aliyetangulia kuja. Alikuwa akimtunza mama mmoja mzee kule Bowie, akimwogesha, akimlisha, akimsikiliza. Ndirangu yeye ana digrii, na miaka ile nyumba zilipokuwa zinapanda bei kila mwezi alikuwa dalali wa nyumba, ana gari ambalo viti vyake vinapata joto vyenyewe. Kwa hiyo tulipoanzisha chama, wengi wetu Wakenya na Watanzania wachache, hatukuuliza mwenyekiti awe nani. Mweka hazina akawa Jacqueline, nesi kutoka Masasi, Mtanzania mcheshi ambaye kila mume wa mtu kwake ni shemeji.

Ndirangu ndiye aliyeleta habari ya Fortaleza. Alisema Maryland bei imeshakuwa ya wazimu, na nyumbani ukinunua ploti unakuta imeuzwa kwa watu watatu. Lakini kule Brazili, akasema, kuna mji mkubwa kando ya bahari, jua mwaka mzima, watalii wanamiminika, na ghorofa bado ni rahisi. Chama kinunue nyumba moja, ipangishwe kwa watalii, na kila familia ipate wiki zake mbili za mapumziko kwa zamu. Tulicheka. Mkipsigis, mtu wa milima ya chai, na bahari wapi na wapi? Lakini alituonyesha picha ukutani, tukanyamaza.

Machi 2005 Ndirangu na Jacqueline wakapanga kwenda kukagua. Kamati ikataka wanachama wawili wa kawaida waende kama mashahidi, kusudi baadaye pasiwe na maneno, na watu wakatutaja sisi. Kwa hilo, nasema kweli, nawashukuru. Ndilo jambo pekee walilowahi kunipa.

Siku hizi nikiwa nasukuma ndoo ya maji kwenye korido za watu, ile safari ndiyo ninayoitembea. Tulishuka kwenye ndege mvua inanyesha. Si mvua ya hapa, inayokuja na baridi ya kukata masikio. Ilikuwa mvua ya joto, nzito, inapiga mara moja halafu jua. Chepngetich alisimama mlangoni mwa uwanja, akavuta pumzi.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia nini?"

"Udongo. Udongo unanuka."

Tangu tuondoke Bomet hatukuwa tumesikia udongo ukinuka mvua. Tukasimama pale kama wajinga na masanduku yetu, Ndirangu anatuita teksi inangoja.

Asubuhi tulikula chapati nyeupe za unga wa muhogo, ndani wameweka nazi, na mwanamke aliyezipika alimwita mke wangu jina ambalo hatukulielewa lakini lilikuwa la upole. Barabarani Jacqueline alipiga kelele hadi watu wakageuka. Alikuwa ameona kikapu cha mabibo, mekundu na ya manjano, korosho zimening'inia chini yake.

"Shemeji, mabibo! Mabibo ya kwetu! Nani kawaletea hawa?"

"Labda ni wao waliowaletea nyinyi," nikamwambia.

"Nyamaza, wewe mtu wa chai."

Alikula hadi akachafua blauzi, na doa la bibo, akasema, halitoki mpaka ufe. Hakujali. Wakati ule nilimpenda Jacqueline kama dada.

Jioni watu wa mji ule hutoka wote, wazee kwa watoto, wanatembea kando ya ufuo bila haraka ya kufika popote. Mke wangu alivua viatu akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, gauni amelishika. Hakuwa amewahi kugusa bahari. Alituuliza, "Ng'ambo kule ndiko kwetu?"

"Ng'ambo ni kina Ghana huko, dada," Jacqueline akamjibu. "Kwetu ni mbele zaidi."

"Basi nitawasalimia hao wa Ghana. Watafikisha." Akapunga mkono. Mkono mzima, kama anayesindikiza basi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya saba, mtaa wa pili kutoka ufuoni. Ndirangu akawa na mama aliyekuwa akiiuza, wanapekua makaratasi. Mimi nikakuta kulabu za chuma zimepachikwa ukutani, sebuleni na kila chumba, nikadhani ni za kufungia mbwa. Mlinzi wa langoni, mzee mmoja jina lake Raimundo, akaona ninavyozishangaa. Akashuka, akarudi na bembea yake ya kitambaa, akaifunga kulabu mpaka kulabu, akamwonyesha mke wangu kwa mkono: karibu. Kumbe kule watu hulala humo.

Chepngetich alitazama huku na huku, akavua viatu, akaingia na gauni lake la kanisani. Ikamkumbatia. Ndirangu alipotokea alikunja uso.

"Mama Jeptoo, tumekuja kazi."

"Nafanya kazi, Mwenyekiti. Nakagua bembea."

Tulicheka sote, hata Ndirangu. Upepo uliingia dirishani ukawa unambembeza. Mwanamke ambaye tangu afike Marekani kazi yake ilikuwa kuwalaza watu wengine, leo amelazwa.

Usiku ule aliniambia, "Tukizeeka, Baba Jeptoo, tusirudi Bomet wala tusikae Temple Hills. Tuje hapa."

"Tufanye nini hapa? Hata kuomba maji hatujui."

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna anayetujua. Hakuna harusi ya kuchangia. Wewe utafagia uwanja wako mwenyewe, mimi nitabembea."

Nilimwambia sawa. Sikuwahi kumwambia sawa ya kweli kuliko ile.

Nyumba ikanunuliwa. Zamu zikapigiwa kura, vikaratasi vikatolewa kwenye kikapu cha sadaka, sisi tukaangukia Januari 2007. Viongozi hawakupiga kura. Walienda kwanza na familia zao kwa sababu, eti, ndio wanaojua kurekebisha kitu kikiharibika. Hatukunung'unika. Mke wangu alinunua mapazia ya njano akayatia sandukuni, akawa anahesabu miezi.

Halafu Agosti 2006, ghafla, akasema hataki kungoja Januari. Anataka tuombe mwezi wa kumi na moja, kabla ya watalii kujaa. Nikamwuliza haraka ya nini. Akasema amechoka tu. Kweli alikuwa amekonda, lakini mzee wake wa Bowie alikuwa amezidi kuwa mzito, nikadhani ni kazi.

Jumapili moja baada ya ibada akanipa funguo. "Nenda uwashe gari lipate baridi. Mimi naingia kuzungumza na Ndirangu na Jacqueline." Nikamwona akiingia nao kile chumba kidogo cha wanakwaya, mlango ukafungwa. Nilikaa garini hadi nikawa naona baridi mimi, na nje jua linachoma. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Mmeongea nini muda wote huo?"

"Nimewaambia tunataka mwezi wa kumi na moja."

"Hilo tu?"

"Ndirangu anaongea sana, humjui?"

Wakasema watafikiria. Walivyofikiria ndivyo nilivyoeleza: ukumbi, chai, Askofu, makofi. Siku ile tukirudi Temple Hills tuliendesha mpaka tukatoka kwenye ile barabara kubwa ya mzunguko. Ndipo akasema, "Januari si mbali." Nikasema si mbali.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika alikuwa hospitalini. Picha za Baba Askofu zilionyeshwa kanisani Jumapili, kubwa, ukutani. Askofu na dafu. Askofu na mzee Raimundo. Askofu kwenye bembea, miguu imetoka nje, anacheka. Simlaumu Askofu. Alipewa kitanda akalala, mtu mwingine angefanya nini? Nawalaumu waliompa.

Chepngetich alifariki wiki moja kabla ya Krismasi. Na hapo, jamani, ungekiona chama. Simu usiku kucha. Kamati ilikaa sebuleni kwangu, mahema ya Bomet yakaagizwa kutoka Maryland, tiketi ya maiti na ya kwangu na ya binti yangu zikapatikana kabla sijamaliza kulia. Hakuna aliyesema tufikirie. Hakuna aliyesema msimu umejaa. Chama chetu, nikaona siku ile, kinajua kusafirisha maiti kuliko mtu anayepumua.

Tulipomaliza kumzika, binti yangu Jeptoo, ambaye nikimwambia Kiswahili hunijibu Kiingereza, safari hii alinijibu Kiswahili. Alisema mama yake aliambiwa na daktari tangu Julai. Alimwapisha asiniambie, maana mimi ningeacha kazi nikae nimtazame. Julai. Na chumba cha kwaya kilikuwa Agosti.

Nilirudi na hilo kifuani, nikanyamaza nalo. Januari ilikuja ikapita, sikwenda. Ndirangu alinipigia kuniuliza kama zamu yangu wanaweza kumpa mtu mwingine, nikamwambia mpe.

Sasa ni mwaka wa 2008, na nyumba zilizokuwa zinapanda zinaanguka. Mtaani kwangu nyumba tatu zimefungwa, nyasi zimefika dirishani, watu wameondoka na vitu vyao kwenye malori ya kukodi. Ndirangu hauzi tena kitu, na lile gari la viti vya joto limechukuliwa na benki. Mwezi wa tisa aliitisha mkutano Lanham, ukumbi uleule. Alisema hali ni ngumu na kamati imependekeza ile nyumba ya Fortaleza iuzwe. Halafu akanigeukia, sauti ikawa laini.

"Mzee wangu Mutai, kabla hatujauza, tumeona uende wewe. Wiki mbili zako. Ni heshima yetu kwa marehemu mama."

Watu wakaanza kupiga makofi. Nikasimama. Sijawahi kusimama mkutanoni, hata watoto wakaacha kukimbia.

"Kabla sijasema naenda au siendi," nikasema, "nina jambo moja nataka kulijua. Mke wangu hakuniambia mimi kwamba anaumwa. Pengine hakumwambia mtu. Pengine aliwaambia nyinyi wawili. Kama hakuwaambia, nitawaomba msamaha hapa hapa, mbele ya kanisa, kwa yote niliyoyawaza miaka hii miwili. Nitaenda Fortaleza na mkono wangu utakuwa wa kwanza kupiga kura nyumba iuzwe."

"Na kama alituambia?" Ndirangu akauliza polepole.

"Wewe nijibu kwanza."

Jacqueline alikuwa ameinama, anatafuta mkobani kitu ambacho nadhani hakikuwamo. "Shemeji," akasema, halafu akafunga mkoba. Ndirangu akasema hayo ni mambo mazito, si ya kuzungumzwa mbele ya watoto, kamati itanijia nyumbani tuongee kama watu wazima. Akaomba mtu atufungie kwa maombi.

Kamati haijaja. Majani ya miti yamekwisha kuanguka, na Jumapili wananisalimia kwa mikono miwili halafu wanakimbilia magari yao. Kura ya kuuza imeahirishwa, wanasema wananingoja mimi. Mimi nawangoja wao. Nimeandika haya kwa mkono wangu, nimeyapitisha kwa watu wote wa Lanham na Bowie wanaosoma Kiswahili, ili hata wakinikwepa kanisani walikute swali langu mezani kwao. Ndirangu, na wewe Jacqueline: siku ile mlipofunga mlango wa chumba cha kwaya mkabaki na mke wangu, aliwaambia anakufa, au hakuwaambia?