Tone Kwenye Maji ya Buluu

"Chukueni yangu. Nimemzaa mimi, sisi ni damu moja," Bibi alisema, mkono wa gauni ameshaukunja mpaka begani.

Mpimaji wa damu akashusha pumzi. "Mama, damu moja ni maneno ya nyumbani. Hapa tunaangalia makundi. Wewe ni B. Mwanao ni O hasi. Yeye anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini hapokei ila kwa O hasi mwenzake."

"Ndivyo alivyo tangu mdogo. Kutoa tu."

Binti yake alikuwa nyuma ya mlango wa pili. Alijifungua asubuhi, na mpaka mchana huu damu ilikuwa haijakata. Kwenye friji zilikuwamo chupa za makundi mengine yote, O hasi hata ya dawa haikuwamo. Mumewe alishapimwa, hakufaa. Alibaki wifi yake.

Wifi huyu na binti walikuwa hawasalimiani, mwaka wa tatu sasa. Ukoo mzima ulijua: damu zao hazipatani. Alifika mbio kutoka kwenye cherehani yake, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Nipime, ila unajisumbua," alimwambia mpimaji. "Mimi na yule hata chumvi hatuazimani, itakuwa damu?"

Mpimaji aliporudi, macho yalikuwa yamemtoka. "O hasi."

Wifi akacheka na kulia kwa mpigo. "Jamani, Mungu naye ana utani!"

"Ngoja kwanza tuone kama inatosha." Akamchoma kidole, akashika tone juu ya kichupa cha maji ya buluu. "Likizama, damu yako ni nzito ya kutosha, tunatoa. Likielea, basi."

Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Tone likashuka kidogo, likasita, likapanda juu.

"Rudia," wifi akasema, akatoa kidole kingine.

"Zama, mwanangu," Bibi akalinong'oneza lile tone, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Zama, mama, zama."

Likaelea.

"Dada, wewe mwenyewe umepungukiwa damu."

"Nitoe hivyo hivyo! Nikianguka, sakafu si ipo?"

"Siwezi. Nitakuwa na wagonjwa wawili." Mpimaji akainua simu, akaongea na hospitali nyingine, akaiweka polepole. "Wanayo chupa moja. Gari litachukua saa mbili kufika."

"Na mwanangu ana saa ngapi?" Bibi akauliza.

Mpimaji akaanza kupanga vichupa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Mlango wa pili ukafunguka. Muuguzi akatoa kichwa, glavu zake nyekundu mpaka kwenye vifundo vya mikono. "Jamani, damu iko wapi?"

Wifi akaficha vidole vyake vyenye pamba ndani ya ngumi. Bibi, ambaye mkono wa gauni ulikuwa bado umekunjwa, akaunyoosha tena mkono wake mtupu kuelekea mlangoni.