Senene Siku ya Kuzindua Maabara

Mhaya gani anapanga sherehe ya asubuhi katikati ya Novemba? Swali hilo halikumjia kabisa Mwalimu Alistidia Kyaruzi alipokuwa akichagua tarehe ya kuzindua maabara, na hapo ndipo alipokosea. Kufundisha Dodoma muda mrefu kulikuwa kumemsahaulisha mambo ambayo mtoto wa Muleba anayajua kabla hajajua kusoma. Mwezi huo, mvua ikinyesha usiku kucha na kukakucha na ukungu, watu wa Kagera hawapangi kitu. Wanatazama juu.

Shule ya Wasichana Efrata, anayoiongoza, iko kilimani, imezungukwa na migomba na mibuni, na ni ya Walutheri, watu wasio na fedha nyingi lakini wasioona haya kuchangishana. Maabara yenyewe ilitokana na mikungu ya ndizi na majogoo walionadiwa nje ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada. Mkungu mmoja ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa tena, mpaka wenyewe ukaonekana umechoka. Sasa jengo lilikuwa limesimama, lina madirisha mapana ya vioo, meza za vigae, masinki yenye maji ya bomba na majiko ya gesi yenye moto wa buluu. Jioni Alistidia aliingia humo peke yake, akapitisha kiganja juu ya vigae na kujiona tajiri.

Kilichomkosesha raha ni jambo jingine. Alipopewa ukuu wa shule alikusanya fimbo zote za ofisini akazipeleka jikoni, zikaivisha maharage. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa bodi, Mzee Ndyamukama, hakumpa nafasi ya kupumua. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bakoba, mjini Bukoba, na wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana wajukuu, bado wakimwona njiani huchomekea mashati.

"Mwanangu," alimwambia kwenye kikao cha mwisho, "mtoto asiyeogopa kitu hafundishiki. Siku ya uzinduzi nitakuja kuwaona hao mabinti zako kwa macho yangu. Nikikuta vurugu, fimbo inarudi na wewe unaacha ukuu. Bodi imeshakubali."

"Na ukikuta adabu, Mzee?"

"Nitakuwa nimekosea. Sijazoea, lakini nitasema."

Basi siku ikafika, mvua imenyesha usiku kucha, ukungu umelala juu ya migomba, na Alistidia, maskini, akafurahi kwamba vumbi limetulia. Wageni waliingia maabara baada ya sala fupi ya mchungaji. Wasichana wa kidato cha tatu walisimama mezani na makoti yao meupe, na Joyness, dada mkuu, akaanza kueleza jinsi mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, ukipashwa moto unavyogeuka mweupe. Sauti yake haikutetemeka. Majiko yakawashwa. Mwalimu Kamala wa nidhamu, ambaye moyoni alikuwa upande wa fimbo, alitikisa kichwa kwa kukubali, ingawa kwa shingo upande.

Kitu kikagonga kioo, kikafuata kingine. Alistidia alidhani ni mvua ya mawe, mpaka alipoona nje kumebadilika rangi na hewa yote inatembea. Kutoka bondeni sauti za watu zikapanda kwa pamoja.

"Ensenene! Ensenene!"

Nani asiyewajua senene, wale panzi wa kijani wanaoshuka na mvua? Wakikaangwa na chumvi na kitunguu, hata mgonjwa huketi kitandani akaomba sahani. Dereva wa bodi ndiye aliyetoka kwanza, wala hakuaga. Mhazini akafuata akisema anakwenda kupokea simu, na simu yake iko mezani. Mwalimu Kamala alitangaza kwamba anakwenda kuwatuliza wapishi, akatoka kwa hatua za heshima hadi kizingitini, kisha viatu vyake vikasikika vinakimbia. Mchungaji alifumba macho kidogo, labda anaomba, na alipofumbua alikuwa ameshaamua. Mzee Ndyamukama alijikaza kuliko wote. Shingo ilirefuka, koo likapanda na kushuka, akakohoa.

"Nikaangalie gari," alisema, akaenda.

Wakabaki Alistidia na wasichana. Hakuna aliyekuwa anatazama mrututu. Macho yote yalikuwa dirishani na midomo imelegea, na yeye hakuwalaumu, kwa maana mate yalikuwa yamemjaa yeye mwenyewe. Akafungua kinywa awatishe kidogo, ndipo harufu ya kuungua ikamfikia. Ebitoke, zile ndizi za wageni, zinaungua! Wapishi nao walikuwa wameondoka, na moshi mweusi ulikuwa unatoka jikoni.

Alijua maana yake. Akienda kuzima moto, anawaacha watoto peke yao na majiko yanayowaka, asubuhi hii kuliko zote. Akibaki, jiko linateketea.

"Nakuja," aliwaambia. Akakimbia, bila kuwaagiza wabaki wala watoke.

Alipomaliza kumwagia sufuria maji, gauni lake la sherehe lilikuwa limechafuka masizi na chakula kimekuwa mkaa. Alipotoka nje alimkuta Mzee Ndyamukama katikati ya majani marefu, amevua koti la suti na kulifanya mfuko, magoti yameloa umande. Mzee alipomwona alisimama wima haraka, akasahau aibu yake na kukumbuka kazi yake.

"Umewaacha na nani?"

"Peke yao."

"Haya. Twende tukawaone hao mabinti wasiohitaji fimbo."

Ule mwendo wa kurudi Alistidia aliuona mrefu kuliko barabara ya Bukoba. Mhazini na Kamala walifuata nyuma, mifuko imevimba. Kadiri walivyokaribia maabara ndivyo kimya kilivyozidi, wala hakukusikika sauti ya mtoto. Wameondoka, alijisemea. Na nani ana haki ya kuwalaumu, wakati mchungaji mwenyewe yuko kwenye majani? Moyo ulimuuma, si kwa sababu ya cheo. Aliwapenda wale watoto na aliwaamini, na sasa angetazamwa kama mjinga kwa kuwaamini. Akapiga moyo konde, akasukuma mlango.

Walikuwepo wote.

Majiko yalikuwa yamezimwa, vyombo vimeoshwa, viti vimesukumwa chini ya meza. Katika vibakuli vya udongo mrututu ulikuwa mweupe kabisa. Wasichana walikuwa wamesimama pale pale alipowaacha, ingawa wawili watatu walikuwa na machozi ya wazi, na senene walikuwa wanatambaa kwenye vioo nyuma yao.

"Tumemaliza, Mwalimu," alisema Joyness. "Tunaomba ruhusa ya kwenda kukamata senene."

Mzee Ndyamukama ndiye aliyesogea mbele.

"Hamkuwaona muda wote huo?"

"Tumewaona, Mzee."

"Si mngemwacha mmoja alinde moto, wengine mkaenda?"

"Tulilifikiria hilo," Joyness alisema. "Lakini angebaki nani? Kila mtu alitaka kwenda. Tukaona si haki mmoja akose, basi tukose wote."

Senene mmoja akaruka kutoka kwenye koti la Mzee, akatua mezani mbele ya Joyness, na wasichana wakabana vinywa vyao kwa viganja. Mzee alimtazama yule senene, akawatazama mhazini na Kamala, kisha akashusha koti lake polepole.

"Mwalimu Alistidia," alisema, na sauti ile iliyotisha kizazi kizima ilikuwa ndogo, "nilikosea. Fimbo isitajwe tena katika kikao changu, na ukuu wa shule hii ni wako mpaka uchoke mwenyewe. Na sisi tuliotoka bila ruhusa, hapa kwenu tunafanywaje?"

Alistidia alicheka huku analia, akamwashiria dada mkuu.

"Aliyekosa hutengeneza kilichoharibika," alisema Joyness, akainamisha macho kwa adabu. "Chakula cha wageni kimeungua, Mzee."

Alistidia akatoa ruhusa. Wasichana walitoka kwa mstari hadi mwisho wa baraza, kisha mstari ukavunjika na kilima chote kikajaa makoti meupe. Nyuma ya jiko, kwenye vigoda vya wapishi, mwenyekiti wa bodi, mhazini, mchungaji na mwalimu wa nidhamu waliketi kuzunguka mkungu mbichi, kila mmoja na kisu chake, wakimenya ebitoke. Mkuu wa shule akavua viatu, akapita mbele yao akiwa na beseni kichwani, akaenda kwa watoto wake.