Safa Asimamishwa

Moyo wa Safa ulikuwa na adabu mbele ya madaktari tu. Akilazwa kitandani, unatulia tuli, mashine inachora vilima vyake vizuri, na daktari anatabasamu: "Ni wasiwasi tu, msichana. Punguza mawazo." Akirudi kazini Nyeri mjini, akisimama nyuma ya mteja kumsuka, moyo unatoka mbio, macho yanaingia giza, nywele zinamponyoka vidoleni. Nani asingekuwa na wasiwasi? Babake, marehemu Jamal, alikufa kwa presha, na naye alianza kwa kizunguzungu.

Zahanati moja ya Chaka ilimpima akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi, ikasema hiyo ni presha. Mamake, Sumeya, hakungoja kufundishwa. Huku kwetu presha ikitajwa, wa kwanza kufukuzwa nyumbani ni chumvi. Maharagwe, sukuma, mchuzi, vyote vikawa na ladha ya maji ya mvua. Safa alikula kwa sababu mama alipika kwa mapenzi, na akazidi kuzorota.

Kisha akaanza kuanguka kwenye swala. Akiinuka tu kutoka sijda, chini! Majirani wa mtaa wao, Majengo, hawakuhitaji mashine. Walinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna jini asiyetaka swala. Shangazi Subira akatafuta mtu wa kumsomea Safa dua za kumtoa huyo jini, Alhamisi baada ya alasiri. Safa alikuwa akiogopa kufa; sasa akaogopa pia kwamba mwili ule haukuwa wake peke yake. Kibaya zaidi, alikuwa ameanza kuamini.

Alhamisi asubuhi alimsihi mama wamwone daktari mmoja wa mwisho, Karatina. Sumeya alikubali shingo upande, na foleni ikawaweka hadi alasiri.

Daktari Muchiri hakukimbilia mashine. "Huwa unaanguka ukifanya nini?"

"Nikiswali."

"Hata ukiswali umekaa?"

Safa akafikiri. Alipokuwa na homa aliswali kwenye kiti. "Nikikaa, hapana. Haijawahi."

Daktari alimlaza, akampima, akangoja, akampima tena. Kisha akasema, "Sasa simama. Usiegemee ukuta, usitembee. Ukisikia vibaya, niambie."

"Ala!" Sumeya alikuwa ameshavuta kiti. "Mtoto huanguka, daktari, na wewe unamsimamisha kama askari?"

"Hiyo kiti iache, Mama Safa. Kila mtu anamuonea huruma anamkalisha, ndio maana hakuna mwenye ameona."

Safa akasimama. Kwanza hakikutokea kitu, na hilo likamtisha kuliko lolote: leo pia moyo utajifanya mwema! Kisha ukaanza. Namba kwenye mashine zikapanda, zikapanda tena, miguu ikaiva rangi ya zambarau, jasho likamtoka. Mama alikodolea macho zile namba, mkono mdomoni.

Daktari alimlaza upesi. "Presha yake haijapanda. Ni moyo inakimbia akisimama, kwa sababu damu inabaki chini kwa miguu. Hii ugonjwa iko na jina, nitawaandikia. Si ile ya babake, na si wasiwasi. Itachukua muda, na kuna wenye huishi nayo. Kusaidia damu ipande, tutaanza na maji mengi, na chumvi."

"Chumvi?" Sumeya aliketi kwenye kile kiti. "Daktari, mimi nimemnyima chumvi mwaka mzima."

"Hukujua, mama."

"Ningejua aje?" alifoka, na hasira yenyewe ikageuka kilio.

Simu yake ikalia. Alikuwa Subira. "Mko wapi? Mtu ameshafika, anawangoja."

Sumeya alijifuta uso kwa mtandio. "Hatuji, wifi. Safa ni mgonjwa."

Akakata. Pale kitandani Safa aligeukia ukuta akalia kwa raha. Tangu minong'ono ya jini ianze, alikuwa akingoja mtu wa nyumbani kwao aseme hivyo.