Anzia Kule Mwisho

Jirani yangu, dereva wa lori, ameacha nyasi uani kwake mpaka zinanifika kifuani. Miezi mitatu sasa nyoka anatoka humo kuja kula mayai ya kuku wangu. Nilimwambia kwa upole, akanijibu nifuge mbwa. Basi nikaenda kwa mwenye nyumba wake, naye akampa siku mbili awe amefyeka.

Leo asubuhi akatoka na fyekeo, uso kama amelambishwa shubiri. Nikasimama kwenye uzio, mikono kiunoni.

"Usianzie hapa!" nikamfokea. "Nguo zangu ziko kwenye kamba, utanijazia vumbi. Anzia kule mwisho."

"Kule mwisho?"

"Kwani huna masikio?"

Akanitazama, akaguna, akaenda. Akawa anafyeka akija huku kwangu, taratibu kabisa. Nikakaa kibarazani najipongeza. Dawa ya moto ni moto.

Kufika saa sita, nyasi zilizobaki zilikuwa ukanda mwembamba tu kando ya uzio wangu. Akaufyeka nao. Panya wakatoka wa kwanza, kumi kama si ishirini, wakapita chini ya uzio moja kwa moja hadi bandani. Nyuma yao nyoka, halafu nyoka mwingine. Kumbe walikuwa wawili! Kuku wakapiga mayowe.

"Umewaswaga kwangu, mshenzi wewe!"

Dereva akajifuta jasho, akaegemea fyekeo lake.

"Nimeanzia uliponiambia, mama. Nguo je, zimepata vumbi?"