Gramu Mbili za Boraksi

Filamu ilitoka kwenye tangi ikiwa nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho, na utando wake ukamganda mdogo wangu vidoleni kama utando wa maziwa.

"Dada, dawa ulipima wewe?"

"Nilipima mimi. Kama siku zote."

Hakutia shaka. Miaka sita mizani ilikuwa yangu. Chumba chetu cha giza kilikuwa tanuri, maji ya bomba yana chumvi, na dawa ya kusafishia filamu, ukiichanganya kama kitabu kinavyosema, ilitutolea nyuso za majivu. Nikakaa na daftari. Nikapunguza metoli, ule unga unaotoa picha, punje kwa punje, nikakosea, nikamwaga, nikaanza upya, mpaka nikaipata: boraksi, unga mpole kama magadi, gramu mbili, basi. Nyuso zikawa na damu. Na watu wakamwita yeye Fundi.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa amepewa tuzo. Mwandishi wa gazeti akamwuliza siri ya picha zake.

"Dawa nachanganya mwenyewe," akasema, kisha akaninyooshea kidole. "Huyu dada yangu ananioshea vyombo."

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, meno nje.

Jumatatu asubuhi boraksi niliiacha koponi. Nikatia kostiki, ile ya kuzibulia mabomba, kijiko kizima. Nilijua siku hiyo anasafisha filamu ya harusi ya watu wakubwa. Nilitaka aumbuke.

"Afadhali harusi sijaigusa," alisema sasa, filamu bado mkononi. "Hii ilikuwa ya mama."

Mama yetu maisha yake yote alijifunika uso akiona kamera. Jana yake, mimi nikiwa sokoni, mdogo wangu alimbembeleza hadi akakubali. Picha thelathini na sita, anacheka na mapengo yake.

Ningeweza kusema. Nilichosema ni hiki: "Labda maji uliyachemsha mno. Wewe na haraka zako!"

Akaiviringisha filamu ile. "Kweli," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Mama alikataa kurudia. "Mara moja imetosha, wanangu." Wiki ya tatu akafariki.

Msibani wajukuu waliulizia picha ya bibi, haikuwepo hata moja. Mdogo wangu, ambaye tangu siku ile hakushika tena kamera, alikuja akapiga magoti mbele yangu, watu wote wanaona.

"Nisamehe, dada. Mama amekufa mara mbili, na mara moja nimemuua mimi."

Nikamwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe," nikasema.