Mikono ya Povu

Husni wa mtaa wa Magarama alichora kuta za mji wa Gitega kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo watu wake hawakuwa na mikono. Kinyozi kaificha nyuma ya kichwa cha mteja. Muuza maandazi kaizamisha kwenye unga. Bwana harusi kaitia mifukoni, kama anayetafuta hela ya kukimbilia. Wenye maduka hawakuliona hilo, maana sura za Husni zilikuwa sura kweli, na ng'ombe wake ungeweza kumwendea na ndoo ukamkamua. Lakini vidole! Vidole vya Husni vilitoka kama mihogo iliyong'olewa kwa haraka.

Vita vilipofika mwaka wa sita, watu wakaanza kuamka asubuhi na kukuta maneno ya kutisha kwenye kuta. Ofisi ya mji ikatoa amri: ukuta wa umma asiuguse asiye na kibali. Na kibali hakikuja kwa maneno matamu. Ulipe patenti, ile kodi ya kazi, ulete barua ya chef, mkuu wa mtaa, halafu ufanye mtihani mbele ya watu watatu. Ukifaulu unapewa namba, na namba hiyo uiandike chini ya kila mchoro, ili likitokea la kutokea ijulikane nani alishika brashi.

Husni akatangaza mtaani kwamba yeye hapimwi. "Nipimwe na nani? Nusu ya brashi za mji huu mimi ndiye niliyezifundisha kulamba rangi!"

Ukweli ni kwamba alikwenda. Siku hiyo waliambiwa wachore mtu ananawa. Raissa, mama Zawadi, aliyejifunza kazi kwa Husni mwenyewe, alichora mikono ambayo ungetamani kuipa taulo. Msimamizi alipofika kwa Husni aliinamisha shingo, akauliza bila ubaya, "Mzee, hii ni mikono ama ni ndizi?" Husni akakunja karatasi yake, akatoka. Raissa aliona yote, na hakumwambia mtu.

Miezi mitatu baadaye akaja muuguzi kutoka Gashoho, mkoa wa Muyinga, dada Espérance, anatafuta fundi wa kuchora ukuta wa kituo cha afya: mama ananawa mikono kabla ya kumnyonyesha mtoto. Husni alikuwa na njaa ya ukuta. Akasema ndiyo kabla dada wa watu hajamaliza sentensi. Alipoulizwa namba ya kibali, akasema iko nyumbani.

Namba yenyewe ilikuwa kwa Gédéon Zihalirwa, Mkongo wa Uvira, mchoraji mwenye kibali aliyekuwa na duka la rangi pale Magarama.

"Nipe namba yako, Gédéon. Siku nne tu."

"We Husni, kibali si baiskeli ya kuazimana."

"Ukuta mmoja, kule Muyinga. Nani ataniona?"

"Mi niko mgeni hapa, ndugu. Wakijua wananirudisha Uvira na ndoo zangu kichwani." Akatazama mlangoni, akatazama sura ya Husni, akavuta pumzi. "Karatasi sikupi. Askari wakiikuta mfukoni mwako pale bariera, njiani, tumekwisha sisi wawili. Leta mkono." Akainama juu ya meza ya duka, akamwandikia kwa kalamu ya bik kwenye kiganja cha kushoto: 68.

Husni akapanda gari la msafara, askari mbele, askari nyuma, akafika Gashoho. Siku nne kiganja kile hakikuona maji. Yeye aliyekwenda kufundisha watu kunawa, hata udhu aliukwepa, akijidanganya kwamba msafiri husamehewa mengi. Alimchora mama mzuri, mwenye macho ya upole na kitenge cha kijani. Ilipofika mikono, akafanya ufundi wake wa siku zote: akaifunika povu la sabuni, jeupe, zito, mpaka juu ya vifundo. Akarudi nyuma hatua tano, akajisifu. Kisha akafungua kiganja, akasoma, akaandika chini ya ukuta: 89.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Raissa akaja kwake, akakaa kwenye benchi bila kuvua kanga begani.

"Fundi, wamenichukulia kibali."

"Nani? Kwa nini?"

"Wanasema nimechora ukuta Gashoho. Mi hata njia ya Gashoho siijui. Lakini namba yangu iko pale chini, themanini na tisa, na wao wanafuata namba, hawajauliza mtu kule."

Husni alikitazama kiganja chake. Wino ulikwisha zamani, lakini sasa aliuona waziwazi. Gédéon alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, akaandika namba ikimwelekea yeye. Upande wa Husni, 68 ililala kichwa chini, ikasomeka 89.

"Huo ukuta una kosa gani?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamsikitisha.

"Mama hana mikono, fundi. Ameishia kwenye vitu vyeupe. Watu wa pale wameona bandeji. Kuna wenzao waliokatwa mikono kwa panga, wanakujaka pale kufungwa vidonda. Wakasema tunachekwa. Wengine wakasema ndani ndiko wanakatwa. Mama wazazi wameacha kuingia."

Husni akakifunga kiganja. Mzaha wote aliokuwa nao tangu azaliwe ukamwishia kinywani.

"Ofisini wakanionyesha picha ya ukuta, wakaniuliza, mkono huu wa mchoraji unaujua ni wa nani? Nikasema siujui." Raissa akasimama, akajifunga kanga. "Nina watoto watatu, fundi. Kesho saa tatu wanakata maneno yangu, nirudishiwe kibali ama nikikose kabisa. Nimekuja kukwambia tu."

Hakumtukana, hakulia. Angemtukana, Husni angepata pa kujishikilia.

Kesho yake akafika ofisini kabla ya saa tatu. Raissa alikuwa ameketi kando ya ukuta. Karani, Bwana Radjabu, alimjua Husni kwa utani wake, akaanza kucheka kabla ya kusikia.

"Ehe, mzee, umekuja kupimwa?"

"Ule ukuta wa Gashoho ni wangu."

Kicheko kikakatika. "Na namba?"

Husni akamwona akilini Gédéon na ndoo zake kichwani. "Nilibuni."

"Ulibuni themanini na tisa?"

"Niliandika tu iliyokuja."

"Unajua mtu aliyebuni namba hafanyi tena mtihani? Kamwe?"

"Ninajua. Na ule wa kwanza nilianguka," akaongeza, ingawa hakuna aliyemuuliza. Watu wanne waliokuwa wakisubiri wakageuka kumtazama. Mmoja alikuwa mteja wake.

Raissa akarudishiwa kibali, pamoja na amri ya kwenda kuufuta ukuta ule na kuuchora upya. Kibali kilimruhusu kuchukua msaidizi asiye na namba. Nje, Husni akasema huku anatazama viatu vyake, "Nichukue mimi. Nitasugua, nitabeba maji."

"Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Hilo nataka kuliona," akasema Raissa.

Kule Gashoho Husni akausugua ukuta siku nzima kwa brashi ya chuma, akaanzia kwenye povu. Siku ya pili Raissa akachora mikono kwanza, kabla ya sura, vidole kumi vya wazi, maji yakitiririka katikati. Kina mama wachache wakasogea kutazama. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni, na mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko.

"Ni we uliyechoraka ile ya kwanza?" akamuuliza Husni. Labda alimkumbuka kwa kofia yake.

Raissa aliendelea kuchora. Husni angeweza kusema hapana. Yeye ni mbeba maji tu.

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unatucheka?"

"Hapana. Sikujua kuchora mikono, nikaificha."

Mama yule alimtazama sana, kisha akautazama ukuta.

"Na sasa unajua?"

"Bado."

Akamrekebisha mtoto mgongoni kwa mkono wake mmoja, akapita kati yao, akaingia ndani ya kituo. Husni akainua ndoo, akarudi kisimani, uso unamuwaka.