Kiti Tupu mu Bureau ya Makala

Na hii badge, Séphora, inatafuta nini mu shingo yako siku ya posho, mwisho wa juma? Bureau imefungwa, uko hapa Ruashi mu parcelle yetu, umeikala ku kiti kidogo kati ya magoti yangu, nakusuka nywele, na ile kamba ya bleu inanipitapita mu vidole, kila rasta inabidi niisogeze pembeni… simuulize, nauliza tu mu kichwa, kinywa yangu inasema "inamisha kidogo, ma chère," na yeye anainamisha, téléphone ku sikio, anaongea na Guelord mwenzake wa kazi, anasema "non, Guelord, sikiya, patron hakusema vile," patron, unasikia namna analiita lile neno, na sauti ya muntu mwenye kuwa na patron, miye nitamuita nani patron, miye Deborah, licence en informatique, tulisoma naye banc moja kule université ya Kasapa, ku interro ya programmation alikuwa anaangalia karatasi yangu sawa vile muntu anaangalia télé ya jirani, na leo yeye njo ingénieur, miye njo coiffeuse, ya chini ya manguo yenye kuanikwa… na tulikwenda pamoja, habanidanganye, siku moja, mulango moja, ile bureau yao mu ville, climatiseur, viti ya kuzunguka, kampuni ya kuuzisha makala, makaa ya kupikia, mu application, unafinya téléphone na gunia inafika ku nyumba, na Monsieur Anaclet, ule patron, akaniuliza mademoiselle unaona namna gani projet yetu, na miye, mujinga, nikajibu kweli, nikasema Monsieur, mama wa Lubumbashi hanunue makala mu photo, anatia mukono mu gunia mupaka ku kiwiko, anatafuta vumbi kule chini, akiisha kupapasa njo anafungua fundo ya kikwembe, anatoa franga, application yenu ingemuachia kwanza mama atie mukono, akatae kama anataka, ule muntu akacheka, akazungusha kiti yake, "mademoiselle, le monde a changé," eti dunia ilishabadilika, na Séphora pembeni yangu akasema "oui, Monsieur," basi, oui, Monsieur, njo diplôme yote ile, bakachukua yeye… "Debo, unavuta," anasema, "pole," nasema, haina pole, miezi yote ile alikuwa anapita hapa mbele na parfum, na lunettes yenye macho yake haina lazima nayo, "tuko na réunion, Debo, tutaonana," macho yangu ilikuwa inatembea naye mupaka ku arrêt, inapanda naye mu bus, inashuka naye mu ville, inaikala mu kiti yake kabla yeye hajaikala, na usiku nilikuwa naomba Mungu, si eti anipe kazi, hapana, naomba amunyanganye yeye, vile tu, tubakie sawa… "kama bintu ya kampuni bilishakatwa, bilishakatwa," anamwambia Guelord, "hata mot de passe haiingie tena," mikono yangu inasimama, kumbe, kumbe Mungu alisikia, na anaongea pole pole lakini sikio yangu iko juu ya kichwa yake, nasikia byote, ba mama balikuwa banamwanga makala mbele ya chauffeur, ku barabara, banapapasa, vumbi, vumbi, banarudisha gunia, hakuna mwenye aliagiza mara ya pili, na nasikia raha, tamu, inashuka mu koo, nilisema, niliwaambia na kinywa yangu, na raha ile palepale inakuwa chungu, sababu nani atajua kama nilisema, ule mwenye alicheka atakuya hapa Ruashi kuniambia ulikuwa na haki… sasa banaenda ku bureau kila asubui bule, banawasha machine, banaangaliana, mangaribi banaagana, à demain, à demain, na yeye anafunika téléphone na mukono, anageuka, "Debo, lundi, kesho kutwa, uko na kazi?" na kicheko inataka kunitoka, "kazi gani," "kuya basi, kuko bageni banatoka Johannesburg, banataka kuweka franga mu kampuni, patron anataka viti yote ikuwe na bantu, Gaëlle, mwenzetu wa bureau, alishaenda Kolwezi, utavaa badge yake, utafinyafinya clavier, bageni bakipita unacheka," "na nitatumika kazi gani," "hakuna kutumika, Debo, hata siye hatutumike," anatoa mukono ku téléphone, anafungua haut-parleur, na Guelord kule, "usiogope, yaya Debo, expérience habaombe, siye bote tuko débutants ya kuikala bule," na banacheka babili, kicheko ya bantu ya kazi moja, hata hiyo naionea wivu, hata kicheko… na kiti, naiona, inazunguka, mwili wangu ulishaikala, nilishachagua chemise, nilishafunika photo ya Gaëlle ku badge na kidole, Mungu wangu, miye mwenye matusi yote hii, na nataka, nataka sana… anakata téléphone, anasema chini, kwa magoti yangu sawa, "kwetu habayue." Nini. "Papa. Kila dimanche akitoka misa anawaambia wenzake ya chemin de fer, bale ya train, mutoto wangu anatumika mu technologie. Leo asubui aliniona bila badge akauliza iko wapi. Nikaivaa." Papa Lucien, na ile veste yake ya zamani, na ile kidole anainua akiongea, namuona, na chini ya vidole yangu naona mifupa ya shingo ya Séphora, tangu lini inatoka vile, amekonda, na sikuona… na usifikiri namuhurumia, wivu iko palepale, imehama tu upande, yeye atafukuzwa, atalia, bantu batamuletea bukari ya kula na kumwambia pole, miye nani ataniambia pole, miye sina hata mahali ya kunifukuza… "Debo, utakuya?" rasta ni ileile mu vidole, haijafika hata nusu, mbele ya macho yangu Monsieur Anaclet anazungusha kiti, na mu kichwa namwambia, unisikilize, weye patron, lundi sitaikala mu kiti ya muntu, ukitaka bantu ya kujaza nyumba utabapata ku kilio, weye njo ulichagua, weye njo ulicheka, basi kabla ndege ya bageni wako haijashuka, panda mu gari yako, fika kwa Papa Lucien, ikala mu salon yake, kunywa maji yake, na umwambie na kinywa yako mwenyewe kwamba kampuni ilishakufa na binti yake hakuiua, umwambie weye, usimuachie Séphora.